UZI: Kabla hujatuma mchango wa msafara wa magari kuvuka Namanga

Mleta uzi, Nairobi

Wadau, habari zenu.

Likizo ya Agosti ikikaribia, mialiko hujaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda kambi. Msafara wa Lushoto kule Tanzania, magari 12, nafasi zimebaki tatu, tuma mchango ushikiwe yako. Kisha yanafuata maswali: hema la juu ya gari ni bei gani, friji ya betri inashika baridi mpaka saa ngapi, kambini kuna maji moto? Ni maswali mazuri. Lakini lipo moja ambalo silioni likiulizwa: gari moja likizuiwa mpakani, yaliyobaki yatafanya nini?

Nauliza kwa sababu mpaka hautambui msafara. Mtaondoka Nairobi pamoja, mmebandika stika za aina moja, mna kiongozi na mweka hazina, lakini mkifika Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kila mwenye gari ataitwa peke yake na karatasi zake. Mwenye karatasi pungufu kuliko wote ndiye atakayeamua mtalala wapi usiku huo.

Basi tuanze na karatasi.

Logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Ikiwa jina lililo kwenye logibuku ndilo lililo kwenye pasipoti yako, una nafuu kubwa. Ikiwa gari ni la mume, la shemeji au la kampuni, beba barua ya mwenyewe inayokuruhusu kulivusha mpaka, yenye muhuri wa wakili, na nakala ya kitambulisho chake. Na kama gari bado lina mkopo, jina la benki limo kwenye logibuku, kwa hivyo unahitaji barua ya benki pia. Barua hiyo haiandikwi asubuhi ya safari. Nairobi wengi wetu tunaendesha magari ya mkopo, na nimeona mtu akiona haya kulisema mbele ya kundi mpaka wote wanajua wakiwa wamesimama kwenye dirisha la forodha. Jameni, semeni mapema. Mkopo si aibu.

Wenye trela la kulala: trela ni chombo chenye usajili wake. Lina nambari yake inayoanza na Z, lina logibuku yake, na litaulizwa karatasi zake hata kama limefungwa nyuma ya gari lako. Usidhani linavuka kwa mgongo wa gari.

Bima. Bima ya kawaida ya Kenya inaishia mpakani. Unahitaji kadi ya manjano ya COMESA, ule umoja wa soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo kampuni yako ya bima inakutolea. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi hiyo bado inatambuliwa huko. Fahamu vizuri kwamba inalipia madhara utakayomletea mtu mwingine. Gari lako mwenyewe likibiringika Longido, ng'ambo ya mpaka, kadi hiyo haikufai kitu. Kama una bima kubwa, ile inayolipia gari lako pia, waombe wakuandikie kwamba inaendelea kufanya kazi ng'ambo, na wakutajie nchi kwa majina.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe mkononi. Chanjo inahesabika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo ya jana haikusaidii. Uzuri ni kwamba tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi.

Nitarudi kueleza mambo ya pale mpakani. Wenye ujuzi ongezeni.

Mdau wa Kitengela

Mkuu, mimi Uganda huwa naenda kwa kitambulisho tu. Tanzania nako si Jumuiya hiyo hiyo ya Afrika Mashariki?

Mleta uzi

Ni Jumuiya hiyo hiyo lakini taratibu ni tofauti. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 wananchi wao wapite kwa kitambulisho. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Kwa Namanga beba pasipoti, na mtoto awe na yake. Viza huhitaji.

Kwa wale wenye wageni kutoka nje ndani ya msafara: ile viza moja ya Afrika Mashariki inahusu nchi hizo hizo tatu. Rafiki yako Mzungu akiwa nayo, bado anahitaji viza ya Tanzania. Bei ya kawaida ni dola 50, na raia wa Marekani hulipa 100. Aiombe kabla ya safari, asije akawaweka wote wakimsubiri.

Fundi, Industrial Area

Naomba kuongeza la upande wetu.

Magari mengi yanayogeuzwa kuwa ya kulala ni ya zamani. Mtu ananunua Land Cruiser au van iliyochoka, anaitia injini nyingine, anakata paa, anaweka kitanda, jiko, tangi la maji. Kazi safi kabisa. Lakini logibuku bado ina nambari ya injini ile iliyouzwa vyuma chakavu, na inasema gari ni la kubeba mizigo. Afisa akifungua boneti na kulinganisha nambari, utamweleza nini? Kwake hilo linaweza kuwa gari la wizi, na kulikagua ndiyo kazi yake.

Ukibadilisha injini au bodi, peleka gari likaguliwe na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na logibuku irekebishwe kabla hujafikiria mpaka. Pia safisha nambari ya chesisi. Kuna magari nambari imezibwa na rangi au matope ya miaka mpaka haisomeki. Brashi ya waya na dakika chache zinatosha.

Halafu uzito. Hema la juu, matangi ya mafuta, tairi mbili za akiba, vyote viko juu ya paa. Gari linakuwa zito kichwani. Kwenye kona za kupanda Lushoto utalisikia likiinama. Vitu vizito viweke chini, kati ya ekseli, na upepo wa tairi upimwe gari likiwa limeshapakiwa, si likiwa tupu.

Mdau wa Arusha

Shikamooni wakubwa, na wengine habari. Karibuni sana kwetu, ila naomba mnisikilize kuhusu hamsini.

Ukiingia kwenye makazi ya watu huku, mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Kuna kibao cha kuanza na kibao cha kumaliza. Trafiki wana tochi, yaani kipima mwendo, na wanasimama penye mti, sehemu ambayo wewe unaona kama kijiji kimekwisha ila kibao cha kumaliza hujakipita. Faini ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kosa moja. Unaandikiwa, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi bila stakabadhi. Askari wengi ni waungwana ukisalimia vizuri. Usishuke na simu ukirekodi.

Beba pembetatu za tahadhari na kizima moto ambacho muda wake haujaisha. Wataomba kuviona.

Na mifuko ya plastiki! Najua Kenya mlipiga marufuku tangu Agosti 2017. Sisi ilikuwa tarehe 1 Juni 2019. Lakini watu wa kambi wana tabia ya kufunga nguo, viatu na nyama kwenye mifuko iliyobaki nyumbani miaka yote. Kagueni mizigo kabla ya kutoka.

Mleta uzi

Asante sana ndugu wa Arusha. Hilo la hamsini nitalifafanua kwa upande wa msafara, kwa sababu ndilo linalowaponza watu na hawaelewi kwa nini.

Chukua magari 10 yamefuatana. Gari la kwanza linapita kibao cha kumaliza hamsini na dereva anakanyaga mpaka 80. Wakati huo gari la mwisho liko katikati ya kijiji, linatakiwa kubaki kwenye 50. Pengo linafunguka. Dereva wa mwisho anaona wenzake wanapotea, anaogopa kuachwa nchi ya watu, anaongeza mwendo akiwa bado ndani ya kijiji. Ndiye anayeandikiwa faini. Kijiji kinachofuata ni hivyo hivyo. Jioni kambini watu wanasema dereva huyo ana haraka, kumbe aliyeharibu ni wa mbele.

Dawa yake ni rahisi kuisema lakini lazima ikubaliwe kabla ya kuondoka. Wa mbele akitoka kijijini asivuke 60 mpaka asikie kwenye redio au simu kwamba wa mwisho ametoka. Kila dereva anaangalia kioo chake: gari lililo nyuma yako ni jukumu lako. Penye njia panda usikate kona mpaka uone taa za aliye nyuma yako, naye afanye hivyo kwa anayemfuata. Mkifanya hivyo hakuna anayepotea hata bila ramani. Na usifungamane na gari la mbele. Acha nafasi ya kutosha basi au lori liingie kati yenu, vinginevyo mtu anayetaka kuwapita atalazimika kupita magari 10 kwa mkupuo mmoja, na barabara hiyo ina njia moja kila upande. Hapo mnahatarisha maisha ya watu wasiowahusu.

Kwa hiyo msimamo wangu: magari 4 au 5 yanatosha. Mkiwa 12, gawanyikeni vikundi vitatu, kila kimoja na kiongozi na gari la mwisho, mkutane kambini.

Redio za mkononi zinahitaji ruhusa katika nchi zote mbili. Ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano hapa na TCRA kule kabla ya kuzibeba. Droni kadhalika.

Mdau wa Rongai

Mimi kwa maoni yangu misafara mikubwa haifai kabisa. Katika msafara wa mamba na kenge wamo. Kuna anayekuja na jenereta apige muziki mpaka usiku wa manane, kuna anayekunywa mchana na kesho ataendesha. Umeshalipa, umeshavuka, utamfukuza vipi? Nenda na gari moja la mtu unayemjua tangu shule. Basi.

Mleta uzi

Nakuelewa na sehemu kubwa nakubaliana nawe. Ila si kila mtu ana rafiki mwenye gari la namna hiyo na likizo ya wakati mmoja. Kuna wazee waliostaafu, kuna mama mwenye watoto wawili na hamu ya kuona milima ya Usambara. Kwao msafara ndio mlango. Ninachotaka ni kenge ajulikane hapa Nairobi.

Ndiyo maana nasisitiza kikao cha ana kwa ana. Lalaneni usiku mmoja pamoja mahali pa karibu kabla ya kuvuka, Magadi au Naivasha. Usiku mmoja utakuonyesha nani anachelewa kuamka, nani hasaidii kuosha sufuria, gari la nani linavuja mafuta. Kisha andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: saa ya kuondoka, hakuna kuendesha gari usiku, hakuna pombe kwa dereva kabla ya kufika, nani anashika pesa na anazitolea hesabu lini.

Na lile swali langu la mwanzo, wekeni jibu lake humo. Mimi naliona hivi. Gari likiharibika njiani, wote wanasimama, kwa sababu ubovu unaweza kumpata yeyote na ndilo jambo lililotufanya tusafiri pamoja. Gari likizuiwa mpakani kwa karatasi, linabaki na gari moja la kulisindikiza, jina la msindikizaji limeandikwa kabla ya safari, na wengine wanaendelea. Kila mtu ajue hivyo tangu nyumbani. Ukiwaacha watu waamue papo hapo, kwenye jua la Namanga, watoto wanalia na waliolipia kambi wananung'unika, undugu unakwisha.

Mdau wa Umoja

Mimi ni mama wa watoto wawili, baba yao yuko Qatar kikazi. Naweza kujiunga au nitarudishwa?

Mleta uzi

Dada, unaweza. Beba pasipoti za watoto, vyeti vyao vya kuzaliwa, na barua ya baba yao ya kuridhia wasafiri nawe, yenye nakala ya pasipoti yake. Barua itaje tarehe na nchi. Inaweza isiulizwe, lakini ikiulizwa na huna, ndipo unapokwama. Na mwambie kiongozi wa msafara mapema akuweke katikati, si nyuma. Mtoto mdogo akitaka kusimama, wote wasimame.

Mdau wa Arusha

Na pale mpakani mwenyewe ungewaeleza mkuu, wengi wanasimama jengo lisilo lao.

Mleta uzi

Kweli. Namanga ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa rasmi na Uhuru Kenyatta na Hayati Magufuli mwezi Desemba 2018. Maana yake unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Ukitoka Nairobi unalipita jengo la Kenya na kwenda la Tanzania. Humo utawakuta maafisa wa Kenya na wa Tanzania wamekaa jirani. Afya kwanza, kisha uhamiaji wa Kenya wakutoe, wa Tanzania wakuingize, halafu mwenye gari aende forodha kwa ajili ya kibali cha muda cha gari. Kurudi ni kinyume chake.

Fika asubuhi. Ni kama kilomita 165 kutoka mjini, barabara ni lami tupu kupitia Isinya, Kajiado na Bisil, lakini Kitengela peke yake inaweza kukula saa nzima. Mkitoka alfajiri mtakuwa mpakani kabla jua halijawa kali, na Arusha iko kama kilomita 110 mbele yenu.

Watawafuata vijana wanaojiita mawakala kabla hata hamjazima gari. Pasipoti isitoke mkononi mwako isipokuwa kwa afisa aliye ndani ya dirisha. Ukihitaji wakala wa forodha, awe na kitambulisho cha kazi na akutajie bei kabla.

Mdau wa Langata

Sisi tunafikiria tupitie Mara, tuvuke Sand River tuingie Serengeti moja kwa moja. Kwenye ramani ni pua na mdomo.

Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu. Hapo hapavukiki. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983, lakini njia ile ya watalii haikurudi. Nyumbu wanapita, magari hayapiti. Mnaotoka Mara zungukeni mpaka wa Isebania na Sirari, mshuke kuelekea Lamadi, muingie Serengeti kwa lango la Ndabaka.

Na mfanye hesabu kabla. Gari lenye nambari ya kigeni linalipishwa zaidi hifadhini kuliko la Tanzania. Ukipitia Arusha, njia ya Serengeti inakatiza Ngorongoro, na huko nako kuna malipo yake. Kwa kundi ni afadhali wakati mwingine kuegesha magari Karatu na kukodi gari la wenyeji siku hiyo. Mimi napenda zaidi mzunguko usio na hifadhi: Arusha, Moshi, Same, Mombo, Lushoto, kisha Korogwe, Tanga, na kurudi Kenya kupitia Horohoro na Lunga Lunga. Unaona Kilimanjaro, unalala kwenye baridi ya Usambara, unamalizia na bahari. Wenye trela waliache chini Mombo, ile barabara ya kupanda ni nyembamba na kona zake zinabana.

Mdau wa Kitengela

Huyu kiongozi wa msafara wetu anadai mchango kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Ni sawa?

Mleta uzi

Inategemea. Kama ni marafiki mnachangia mafuta na kuni na kila mtu anaona hesabu, ni sawa, hata vyama vyetu vinaendeshwa hivyo. Kama anauza safari kwa faida, hiyo ni biashara ya utalii, na sheria inamtaka awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Muulize leseni. Muulize pia pesa inalipia nini hasa, na gari lako likizuiwa Namanga unarudishiwa kiasi gani. Asipotaka kuliandika jibu, usitume.

Kingine, muulize nani atamtibu mtu akiumia. AMREF Flying Doctors pale uwanja wa ndege wa Wilson wana uanachama wa kusafirishwa kwa ndege wakati wa dharura. Chagueni mpango unaotaja Tanzania.

Mdau wa Umoja

Swali la mwisho kwangu. Tukitokea Horohoro badala ya Namanga, kile kibali cha gari kinakuwaje?

Mleta uzi

Waambie forodha ya Namanga siku ya kuingia kwamba utatokea Horohoro, na ukifika huko usiondoke kabla hakijafungwa kwenye mfumo. Kisipofungwa, kwa rekodi zao gari bado liko Tanzania, na muda ukipita watalihesabu kama lililoingizwa bila ushuru. Omba karatasi ya uthibitisho na uihifadhi nyumbani. Kutoka Lunga Lunga ukifika Pwani Kusini huna haja ya kupanga foleni ya feri Likoni na hilo hema juu ya gari, chukua barabara ya Dongo Kundu utokee Miritini.